Kushuka ndiko kunakouma: niliyojifunza kuhusu sikio na mwili ndani ya ndege kutoka Mbeya

Kila msimu wa harusi au likizo unapokaribia, napokea simu kutoka kwa ndugu wa Uyole, wa Tukuyu, hata wa Makambako: "Dada, ndiyo mara yangu ya kwanza kupanda ndege, nijiandae vipi?" Nimejibu sana kwa simu mpaka nimeona bora niandike yote mahali pamoja. Mimi si daktari. Kazi yangu ni kukaa na wakulima wa viazi mviringo. Haya nimeyapata kutokana na yaliyompata mama yangu, kutokana na safari zangu mwenyewe, na kutoka kwa daktari wa masikio aliyekuwa na subira ya kutuchorea kwenye karatasi kilichokuwa kimetokea kichwani mwa mama.

Jambo kubwa nalisema mapema, hata asiyefika mwisho aondoke nalo. Kwa watu wengi sikio haliumii ndege inapopanda. Huuma inaposhuka. Na sisi wa Nyanda za Juu tukienda Pwani ndio tunaobeba mshuko mrefu kuliko anayetoka Pwani kuja kwetu. Nitaeleza kwa nini.

Mama ana tatizo la valvu ya moyo na huhudhuria kliniki Dar es Salaam. Kwa miaka alikwenda kwa basi, zaidi ya kilomita 800, anatoka alfajiri anafika usiku, miguu imevimba hadi viatu haviingii. Mwaka huo tukachanga. Kaka zangu walitoa sehemu kubwa, mimi nikamalizia, tukamkatia tiketi ya ndege kwenda na kurudi, na yangu ya kumsindikiza. Ni pesa nyingi kwa familia yetu, mara kadhaa ya nauli ya basi kwa kila mtu, lakini tulikuwa na furaha. Tuliona tunampumzisha.

Ulikuwa mwezi wa saba, baridi ya Mbeya unaijua. Mama alikuwa na mafua, pua imeziba, siku kadhaa anajifukiza kwa majani ya mkaratusi. Daktari wake wa moyo alikuwa ameshauliza yanayohusu moyo: anapumuaje akilala, anaweza kupanda ngazi, presha ikoje. Ofisi ya tiketi iliuliza majina na mizigo. Uwanjani wakapima begi. Swali la pua halikuwa kwenye orodha ya mtu yeyote, nasi nyumbani tuliyaona mafua kuwa jambo dogo mbele ya moyo.

Tulitoka Uyole kabla ya jua, tukapita mjini na Mbalizi katikati ya malori ya Tunduma, tukafika Songwe mapema. Ndege ilipokimbia na kunyanyuka mama alinishika mkono. Muda mfupi baadaye mlio wa injini ukapungua, tumbo likapanda kifuani, naye akasema kwa sauti, "Mwanangu, tunaanguka."

Hatukuwa tunaanguka, na ningependa kila anayepanda mara ya kwanza alijue hili kabla hajakaa kitini. Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya sehemu ya kusikia, kuna mifereji mitatu yenye majimaji inayopima kichwa kinavyogeuka, na vifuko vidogo vyenye chembe za chokaa vinavyopima mwili unavyosukumwa. Vimeumbwa kwa ajili ya mtu anayetembea ardhini. Ndege inapoongeza kasi, vinauambia ubongo kwamba umelalia mgongo kuliko ulivyolala. Rubani akipunguza nguvu za injini baada ya kunyanyuka, jambo la kawaida kabisa, vinatafsiri kupungua kwa msukumo ule kuwa ni kuporomoka. Ndege ikipinda kona taratibu huenda usihisi kitu, halafu ukichungulia dirishani unakuta ardhi imesimama upande. Macho yanasema hivi, sikio linasema vile, na ubongo ukishindwa kuwapatanisha hao wawili ndipo kichefuchefu huanza.

Dawa ya hali hiyo ni kutuliza kichwa kwenye kiti na kutazama mbali, kwenye upeo wa anga kama unauona. Kusoma simu kunazidisha. Viti vya usawa wa mabawa huyumba kidogo kuliko vya mkiani. Ukiweza kuchagua, chukua ndege ya asubuhi, kwa sababu mchana jua likishapasha ardhi na mawingu yakaanza kujijenga juu ya milima yetu, hewa huwa na mawimbi zaidi. Mtikisiko ule unatisha, lakini ndege imejengwa kuustahimili. Kinachoumiza watu ni kutofunga mkanda, kwa hiyo ufunge hata taa ya mkanda ikizimwa.

Tulipofika juu mama alitulia. Alikunywa maji, akasifu mawingu, akafunga chupa yake akanipa niiweke kwenye begi. Kisha akalala, maana tangu saa tisa usiku alikuwa macho kwa sala na kupanga vitu. Nikamwacha apumzike.

Aliamka kwa maumivu. Ndege ilikuwa imeanza kushuka muda mrefu kidogo, na mama alikuwa ameshika sikio la kushoto kwa viganja viwili, machozi yanatoka. Mhudumu alikuja haraka na pipi, akamwambia ameze mate, afungue mdomo, apige miayo. Hakuna kilichosaidia. Mama, anayejua ana ugonjwa wa moyo, alidhani anapata kiharusi na akaanza kunipa maagizo ya nyumbani: shamba la Tukuyu, ng'ombe, nani ashike nini. Sijawahi kuogopa hivyo. Magurudumu yalipogusa ardhi sikio la kushoto lilikuwa halisikii kitu, na ndani yake kulikuwa na mlio mwembamba usiokoma.

Kliniki ya moyo ilikwenda vizuri. Ni siku iliyofuata ndipo tulipofika kwa daktari wa masikio, pua na koo, kwa gharama ambayo haikuwa kwenye bajeti. Alimulika, akasema ngoma ya sikio haijatoboka lakini imevutwa ndani, imekuwa nyekundu, na nyuma yake kuna majimaji yenye damu. Akamwuliza mama, "Ulikuwa na mafua?" Kisha akavuta karatasi.

Alichora hivi. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, sikio la kati. Chumba hicho kina mlango mmoja tu, mrija mwembamba unaoshuka hadi nyuma ya pua, juu ya koo. Kwa kawaida mrija huo umefungwa, nao hufunguka kwa sekunde moja hivi tunapomeza au kupiga miayo. Ndege inapopanda, mgandamizo wa hewa ndani ya chumba cha abiria hupungua taratibu, na hewa iliyomo sikioni hutanuka na kujisukuma yenyewe hadi nje kupitia mrija. Haihitaji msaada wako. Inaposhuka mambo hugeuka: hewa ya nje inazidi, ngoma inasukumwa ndani, na hewa mpya haiwezi kuingia sikioni mpaka misuli ya koo iufungue ule mrija. Ukiwa umelala humezi mara kwa mara. Ukiwa na mafua kuta za mrija zimevimba. Mama alikuwa na vyote viwili. Na tofauti ya mgandamizo ikishakuwa kubwa mrija hubanwa kabisa. Hapo hata umeze namna gani misuli haina nguvu ya kuufungua. Ndiyo maana pipi ya mhudumu ilichelewa.

Daktari akaniuliza kama tulifunga chupa ya maji tukiwa angani. Nikaitoa begini. Ilikuwa imebonyea pande zote, mfuniko bado umekaza. "Sikio la mama lilitaka kufanya hivi," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa habari ya mshuko wetu. Hata ndege ikiwa mita 10,000 na zaidi, mitambo yake huweka ndani hewa yenye mgandamizo sawa na wa mlimani, kati ya mita 1,800 na 2,400 juu ya usawa wa bahari. Uwanja wa Songwe uko kwenye takriban mita 1,300, na Nduli ya Iringa kwenye takriban mita 1,400. Kwa hiyo anayetoka Dar kuja Songwe, sikio lake linashuka kutoka kwenye hiyo mita 2,000 na kitu hadi 1,300 tu. Anayetoka Songwe kwenda Dar anashuka hadi karibu na bahari kabisa. Ongezeko la mgandamizo sikioni kwa anayetua Dar ni zaidi ya mara mbili ya lile la anayetua Songwe. Ndege ni ile ile, muda ni ule ule, lakini sikio linapewa kazi mbili tofauti. Nimekutana na watu wa Dar wanaosema wamekuja Mbeya wala hawakusikia kitu, na wanasema kweli. Usiwachukue kuwa kipimo cha safari yako ya kwenda.

Wenyeji wa huku tunaijua hali hii bila ndege. Ukitoka Tukuyu kushuka Kyela masikio huziba, ukiteremka Kitonga pia. Ukichukua pakiti ya krispi zilizofungwa Dar ukaifikisha Mbeya, utaikuta imevimba na kukaza. Lakini kushuka Kyela unapiga soga, unameza mate, unakula ndizi za njiani, na gari linachukua muda wake. Ndege inashusha zaidi ya hapo kwa nusu saa hivi, na wewe umesinzia.

Daktari alikataza kumwagia kitu chochote sikioni. Nalisisitiza hili kwa sababu mara tu habari zilipofika nyumbani, simu zilikuja na ushauri wa mafuta ya moto na maji ya kitunguu. Tatizo liko nyuma ya ngoma, dawa ya kumimina haifiki huko, na kama ngoma ina tundu unaweza kuleta maambukizi. Alimpa ya maumivu, akaeleza kwamba majimaji yatanyonywa na mwili kwa wiki kadhaa, na akasema asipande ndege mpaka sikio litazamwe tena. Tiketi za kurudi hazikuwa za kurudishiwa pesa, zikapotea. Tulikaa kwa mdogo wangu Mbagala siku zaidi ya tulizopanga, kisha tukakata basi. Kupandia Kitonga, mama alinigusa akasema sikio limepiga mlio na amesikia injini kidogo. Usikivu wenyewe ulirudi polepole, na mlio ule mwembamba ulikuwa wa mwisho kuondoka.

Sasa nieleze tunavyofanya tangu wakati huo, maana sijaona mtu wetu mwingine akipata tena hali ile.

Mtu akiwa na mafua makali, au sikio linauma, au pua imeziba kiasi kwamba hawezi kulifanya sikio lipige "pwa" akiwa ameketi nyumbani, tunasogeza safari. Jaribio lenyewe ni hili: funga mdomo, bana pua kwa vidole, kisha sukuma pumzi kwa upole kuelekea puani. Ukisikia masikio yamefunguka yote mawili, mrija unapitisha hewa. Ni mbinu ya zamani inayobeba jina la Antonio Maria Valsalva, mwanaanatomia wa Italia aliyeieleza katika kitabu chake kuhusu sikio mwaka 1704. Neno la muhimu ni upole. Ukisukuma kwa nguvu unaweza kuliumiza sikio la ndani. Mwenye ugonjwa wa moyo amwulize daktari wake kwanza. Mama yangu aliambiwa atumie njia nyingine, ya kubana pua na kumeza mate, bila kusukuma pumzi.

Kama safari haisogezeki na mafua ni madogo, kuna dawa za matone au za kupuliza puani zinazopunguza uvimbe, na hutumika kama nusu saa kabla ya ndege kuanza kushuka. Hizo si za kutumia wiki nzima, zikizidi siku chache pua huziba zaidi. Na vidonge vya kufungua pua vinavyouzwa duka la dawa vingine vinapandisha presha. Mwenye presha au moyo asinunue kwa kusikia, aulize.

Anza kufanya kazi sikio likiwa bado zima. Rubani akitangaza kwamba tunaanza kushuka, au ukisikia mlio wa injini umebadilika na pua ya ndege imeinama, mwamshe jirani yako, tieni jojo au pipi mdomoni, mmeze mara kwa mara, mpige miayo hata ya kulazimisha. Kila baada ya dakika moja au mbili fungua sikio kwa mbinu ile. Usisubiri maumivu. Vizibo vya masikio vya sponji vinapunguza kelele tu, havizuii mgandamizo.

Kwa mtoto mchanga, nyonyesha wakati wa kushuka. Wifi yangu alimnyonyesha mtoto vizuri kabla ya kuondoka, mtoto akashiba, na walipoanza kushuka akakataa titi akalia hadi chini. Safari ya kurudi alimwekea njaa kidogo, mtoto akanyonya wakati wote wa mshuko na hakulia. Kulia nako hufungua masikio, kwa hiyo mzazi asihangaike kwa aibu mbele ya abiria wengine.

Nilikuja kuyajaribu haya mwenyewe nilipopata nafasi ya mafunzo ya mbegu za viazi Uholanzi. Uwanja wa Schiphol, unaohudumia Amsterdam, uko takriban mita 3 chini ya usawa wa bahari, hivyo huko sikio linashuka hadi mwisho wa ngazi. Nilikuwa macho, nilitafuna, nilimeza, nikabana pua kila mara. Masikio yalifunguka moja baada ya jingine na nikatoka nikiwa nasikia vizuri. Nilimpigia mama kutoka pale pale uwanjani.

Kilichonichosha kwenye safari ile ndefu ni vitu vingine. Cha kwanza ni ukavu. Nilidhani nimezoea, kwa vumbi letu la mwezi wa tisa. Lakini hewa ya nje kwenye urefu ule ni baridi kali na karibu haina unyevu, na ikiingizwa ndani na kupashwa, unyevu wake mara nyingi huwa chini ya asilimia 20. Midomo ilipasuka, macho yakawa yanawasha, koo likakauka, na pua ikatoa damu kidogo nilipopenga. Nilijifunza kupaka mafuta ya mgando midomoni na ndani ya pua kabla ya kulala, kunywa maji kidogo kidogo, na kuiacha pombe wanayogawa. Anayevaa lenzi za macho abebe miwani yake.

Cha pili ni ladha. Wali ulikuja, nikaona mpishi amesahau chumvi. Kumbe sehemu ya tatizo ilikuwa kwangu. Harufu ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya ladha, na pua iliyokauka hainusi vizuri. Zaidi ya hapo kelele nazo huchangia. Ndani ya ndege kuna mngurumo wa karibu desibeli 85, na mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kwamba mtu akiwekwa kwenye kelele ya kiwango hicho husikia utamu wa sukari kidogo kuliko kawaida, wakati ile ladha nono ya nyanya, uyoga na mchuzi wa nyama huisikia zaidi. Tangu nijue hilo nikiwa angani huchagua chakula cha mchuzi wa nyanya, nacho hunipendeza kweli. Mwenye kisukari au presha asiongeze sukari au chumvi kwa sababu ulimi umemwambia hazipo. Zipo. Na kelele ile ya saa nyingi inachosha ubongo hata kama umeizoea. Vizibo vya masikio hapo vina kazi yake, mradi uvitoe kabla ya kuanza kushuka.

Tumbo nalo hujaa gesi, kwa sababu ile ile iliyovimbisha pakiti ya krispi. Jioni ya kuamkia safari acha makande na maharage, ziache na soda. Vaa nguo isiyobana kiunoni.

Saa ya mwili haikunisumbua, maana Uholanzi tumepishana nayo saa moja au mbili tu kulingana na msimu. Uchovu wote niliouhisi ulitokana na kukaa, ukavu na kelele.

Miguu ndiyo niliyokuwa naiogopa zaidi, kwa sababu ya kuiona ya mama. Ukikaa muda mrefu magoti yamekunjwa, damu inatembea polepole kwenye mishipa ya miguu na inaweza kuganda. Donge likikatika likaenda kwenye mapafu, linaua. Shirika la Afya Duniani lilisimamia utafiti wa jambo hili na kutoa matokeo mwaka 2007: safari ya zaidi ya saa 4 huongeza hatari mara mbili hadi tatu, ingawa kwa mtu mwenye afya bado ni ndogo, karibu mtu 1 kati ya 6,000. Na hatari hiyo haiko kwenye ndege peke yake. Iko pia kwenye gari, treni na basi, maana chanzo ni kukaa. Mbeya hadi Dar kwa basi ni zaidi ya saa 10. Basi likisimama watu wachimbe dawa, shuka hata kama huna haja, tembea, nyoosha miguu. Kwenye ndege hakuna kusimama njiani, hivyo unajisimamisha mwenyewe: kila saa moja au mbili tembea hadi nyuma na kurudi, na ukiwa kitini inua visigino na vidole kwa zamu. Aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mjamzito, aliyejifungua karibuni, mwenye saratani, au aliyewahi kuganda damu, amwone daktari kabla. Huenda akahitaji soksi maalumu za kubana au dawa. Mguu mmoja ukivimba na kuuma baada ya safari, au kifua kikabana ghafla, hospitali siku hiyo hiyo.

Kuhusu pumzi, hapa sisi tuna unafuu. Hewa ya ndani ya ndege ni nyepesi, na mtu wa Pwani kiwango cha oksijeni kwenye damu yake hushuka kidogo. Lakini Mbeya mjini ni karibu mita 1,700, na watu wa Njombe na Makete wanaishi ndani ya kipimo kile kile cha chumba cha abiria kila siku ya maisha yao. Mama hakuhema kabisa angani. Alichoona tofauti ni Dar, alisema kifua kimefunguka, na daktari alisema ni kweli, hewa ya chini ni nzito. Unafuu huo usimdanganye mgonjwa. Mwenye upungufu mkubwa wa damu, mwenye mapafu mabovu, mwenye moyo uliochoka, na mwenye selimundu, ambao wengi tunauita sikoseli, lazima apate neno la daktari wake. Kwa wa selimundu oksijeni kidogo, baridi na kukosa maji vinaweza kuamsha maumivu, kwa hiyo abebe sweta na maji ya kutosha.

Mambo machache watu hawayataji mpaka yatokee: jino lenye tundu linaweza kuuma ghafla angani, na kadhalika paji la uso kwa mwenye mafua ya muda mrefu. Aliyewekewa plasta ngumu ya mfupa asisafiri siku moja mbili za kwanza bila kuuliza, kwa sababu mguu unaweza kuvimba ndani yake. Aliyefanyiwa upasuaji wa jicho akawekewa gesi ndani asipande ndege kabisa, wala asipandishwe mlimani, mpaka daktari wa macho aseme gesi imekwisha. Gesi ile ikitanuka anaweza kupoteza jicho. Mgonjwa wa Mbeya aliyetibiwa macho Dar hana budi kuuliza hili hata kama anarudi kwa basi, maana njia yetu yote ni kupanda.

Mama ana kliniki tena mwezi ujao na anataka ndege. Tulikuwa na hofu, yeye hana; anasema alichokosa siku ile ni mtu wa kumwamsha. Nitakaa naye kiti cha pembeni. Safari hii kabla ya kulipa niliuliza jambo ambalo sikuwa najua kuwa linaulizwa: akiamka na mafua siku mbili kabla, kubadilisha tarehe ni shilingi ngapi? Kulikuwa na tiketi ya bei ya chini isiyobadilika kabisa, na nyingine iliyozidi kidogo inayoruhusu kusogeza tarehe. Tumechukua hiyo ya pili, na kliniki nao wametupa siku ya akiba kwenye wiki inayofuata.